Bajeti Iliyopanda Basi

Mimi ni mtu wa Tanga, na mtu wa Tanga akitajiwa Kigoma husikia kama ametajiwa ng'ambo ya dunia. Nilikuwa nimeshavuka miaka hamsini bila kuvuka Dodoma kwenda magharibi. Kwa hiyo nilipopigiwa simu kwamba kuna chama cha wakulima wa maharage na asali, makao yake Kasulu na tawi lake Kibondo, na kwamba vitabu vyao vya bajeti vinagombana na anatafutwa mtu wa hesabu aende kuvipatanisha, nilikubali kabla hata ya kuuliza posho. Nilitaka kuiona nchi. Hesabu nilidhani naijua.

Niungame mapema: kompyuta nimeikuta ukubwani. Kazi nilianza na daftari la kaunta na kalamu nyekundu, na Excel nilifundishwa na binti yangu, mezani nyumbani, baada ya vyombo vya chakula cha usiku kuondolewa. Najua kujumlisha, kuzidisha na kupanga majina kwa alfabeti. Yaliyozidi hapo huwa nayapitia pembeni, kama mtu aliyevaa kanzu anavyopita kando ya dimbwi.

Niliondoka Dar es Salaam kwa treni ya reli ya kati, ile ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914. Ni zaidi ya kilomita 1,200, na kila moja niliihisi mgongoni. Baada ya Tabora nikaanza kuona asali ikiuzwa kwenye chupa za maji na za soda, ikipitishwa madirishani jinsi sisi tunavyouziwa madafu. Nilinunua chupa moja, nikailamba njia nzima kama mtoto.

Karibu na Uvinza, mwalimu mmoja kijana niliyekaa naye alinionyesha maji mapana, ya rangi ya chai ya maziwa, chini ya daraja.

"Huo Malagarasi, mzee. Uangalie vizuri, mtakutana tena."

Nikamwambia mimi naenda Kasulu na Kibondo, juu kabisa kaskazini, na mto nimeshaupita. Akatabasamu tu. Nikajisemea, huyu jiografia anaifundisha kwa utani.

Kigoma sikukaa. Ziwa nililiona dakika kumi, na nakiri nilitafuta harufu ya chumvi nikaikosa. Maji kiasi kile yasiyo na chumvi, akili ya mtu wa pwani haiyakubali haraka. Nikala mgebuka wa kukaanga stendi, nikapanda basi la Kasulu.

Basi lilianza kupanda. Michikichi ikabaki nyuma, udongo ukawa mwekundu wa kuiva, na hewa ikapoa hadi nikafunga dirisha mwenyewe, mimi ambaye nyumbani hulala na feni mwaka mzima. Ilikuwa Juni. Tanga yetu inasifiwa kwa baiskeli, lakini za kwetu hubeba watu. Huku baiskeli zinabeba mikungu ya ndizi mitatu, minne, magunia ya mihogo, mkaa, na mwenyewe anatembea kando akiisukuma kama anayemsindikiza mgonjwa. Hakuna aliyekaa juu ya kiti.

Asubuhi ya kwanza Kasulu nilijifunza kusalimiwa. Kwetu mtu husema "shikamoo" akiwa anapita, mguu mmoja mbele. Mama aliyenifungulia mlango wa ofisi alisimama, akainama kidogo, akapiga makofi mepesi, akasema "mwakeye", akauliza nimelalaje, safari ilikuwaje, na wa nyumbani kwangu je. Nami nilikuwa nimeshanyoosha mkono, umebaki hewani. Siku ya pili nikawa napiga makofi kama wao, nikachekwa kwa upole.

Huyo mama ndiye mhasibu wa makao makuu. Alinikaribisha chai, kisha akaweka mezani karatasi nne zilizochapwa, moja juu ya nyingine, kama mtu anayetoa ushahidi barazani. Zote ni bajeti ya tawi la Kibondo, ya mradi uleule. Jumla ya karatasi ya kwanza: shilingi 49,500,000. Ya pili: 49,950,000. Ya tatu: 49,995,000. Ya nne: 49,999,500.

"Kila nikiwapelekea, inarudi imeongezeka," alisema. "Mimi sigusi kitu. Wao wanaongeza."

Nikamuuliza wanaongeza kwenye mstari gani. Akasema ndilo hilo, haoni. Mbegu ni zilezile, mizinga ni ileile, mafuta ya pikipiki ni yaleyale.

Faili lilikuwa likisafiri ndani ya flashi. Walikuwa wamejaribu kutumiana kwa WhatsApp, ikawa kila mtu anafungua faili la juzi akidhani ni la leo. Wakaamua flashi ifungwe kwenye bahasha, ikabidhiwe utingo wa basi la Kibondo, ambaye alilipwa shilingi 2,000 kwa kila safari. Miezi mitatu bajeti ilikuwa inapanda basi kwenda na kurudi, na kila ikishuka imenenepa kidogo.

Nilikaa na zile karatasi usiku ule, chini ya blanketi mbili. Chakula cha jioni kilikuwa ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese. Ugali wenyewe naujua, ndio bada letu, lakini mawese yalinishangaza. Ulimi ulikuwa unangoja nazi, ukakuta kitu kizito, chenye harufu yake, rangi ya jua la magharibi. Kijiko cha kwanza nilikila kwa adabu. Cha tano nilikila kwa mapenzi. Kisha nikaandika ongezeko lililokuwa kati ya karatasi na karatasi: 450,000, halafu 45,000, halafu 4,500. Nikajiuliza ni mwizi gani huyu anayeiba laki nne na nusu, mwezi unaofuata elfu arobaini na tano, na mwisho nauli ya bodaboda. Wezi ninaowajua mimi huenda wakipandisha.

Kesho yake nikapanda basi la Kibondo, flashi mfukoni mwangu. Utingo alionekana kusikitika kidogo.

Njia hiyo ni sehemu ya barabara ya kilomita 260 ya kutoka Kabingo hadi Manyovu. Ukipita Makere unaanza kukutana na magari meupe ya mashirika, maana kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, iko upande huo. Mbele zaidi, wilaya ya Kibondo, ilikuwa kambi ya Nduta. Ndani ya basi nilisikia Kiha na Kirundi vikizungumzwa kiti kwa kiti, na watu wanaelewana bila mkalimani, kama sisi na Wadigo wa ng'ambo ya mpaka. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa mgeni wa maneno.

Halafu tukashuka bondeni, tukafika darajani, na jirani yangu akasema: "Malagarasi."

Niliinuka kwenye kiti. Mto niliouacha kusini, kwenye reli, umefikaje huku mbele yangu? Jirani akanichorea kwa kidole kwenye vumbi la dirisha. Unaanzia milima ya mpaka wa Burundi, unakuja huku, unakwenda mashariki hadi kwenye mabwawa ya Muyovozi, unazama humo kama umepotea, kisha unageuka magharibi, unapita Uvinza na kuingia Ziwa Tanganyika. Yaani unaondoka karibu na ziwa, unazunguka nchi nzima ya Waha, halafu unarudi ziwani. Mwalimu wa treni hakuwa na utani wowote. Mchoro wa kidole ulibaki dirishani hadi Kibondo, nami nikaukodolea macho. Ulikuwa kama pete isiyofunga.

Ofisi ya tawi ni vyumba viwili vya matofali ya kuchoma. Karani ni binti wa miaka ishirini na kitu, mwepesi wa mikono, mzito wa maneno. Aliniambia "shikamoo mzee," akavuta kiti, akasema yeye pia ana karatasi nne. Zilikuwa zilezile. Na lake lilikuwa lilelile: "Kasulu wanaongeza."

Hapo nikatoa kompyuta yangu. Wazo langu halikuwa la busara, ni la uvivu: badala ya kufungua mafaili mawili, nikaingiza karatasi ya Kasulu na ya Kibondo ndani ya kitabu kimoja, na pale ambapo kila mmoja alikuwa akinakili tarakimu ya mwenzake kwa mkono, nikaandika fomula ya kuichukua moja kwa moja. Kwenye Kibondo: jumla ni gharama za kazi, milioni 45, kuongeza usimamizi unaotoka Kasulu. Kwenye Kasulu: usimamizi ni asilimia 10 ya jumla inayotoka Kibondo, kama alivyoagiza mfadhili wa mradi. Nikagonga Enta.

Kompyuta ikapiga mlio na kuniletea kidirisha cha onyo: kuna mahali fomula inajirejea yenyewe, ama moja kwa moja au kwa kupitia nyingine, na huenda jibu lisiwe sahihi. Nikabonyeza sawa, kama ninavyobonyeza sawa kwenye kila kitu. Mahali pa usimamizi ikatokea sifuri. Kona ya chini kushoto, kwenye ule ukanda mwembamba ambao sijawahi kuusoma maishani, ikatokea taarifa ya mzunguko pamoja na anwani ya kisanduku.

Nilitoka jasho Kibondo, mahali penye baridi. Nilidhani nimeua kazi ya watu.

Karani akainamia kioo, akabonyeza kitufe cha kufuata chimbuko la fomula kwenye karatasi zote mbili, na mishale ikajichora. Mmoja unatoka usimamizi kwenda jumla. Mwingine unatoka jumla kurudi usimamizi.

"Inajizunguka," alisema.

Nyumbani tulisimuliwa kisa cha Mwalimu Goso, yule aliyeangukiwa na buyu. Wanafunzi wake wakamsaka muuaji: wakamshika upepo, upepo ukasema ukuta ananishinda, ukuta akamtaja panya, panya akamtaja paka, wakaendelea hivyo, kila anayeshikwa anamtaja mwenzake, hadi wakafika kwa paa, naye akanyamaza. Lahajedwali nayo huenda hivyohivyo. Kila kisanduku ukikiuliza kinakutajia kingine, hadi ufike kwenye tarakimu iliyoandikwa kwa mkono, ambayo haimtaji mtu. Hiyo ndiyo paa. Sasa fikiria paa naye angesema: mwulizeni upepo. Wale wanafunzi wangekuwa wanazunguka mpaka leo.

Na Kasulu na Kibondo walikuwa wanazunguka kwelikweli, kwa basi. Asilimia 10 ya milioni 45 ni 4,500,000, Kibondo wanaijumlisha, inakuwa 49,500,000. Kasulu wanaona jumla imebadilika, wanakokotoa asilimia 10 upya, inakuwa 4,950,000. Flashi inarudi, jumla inakuwa 49,950,000. Hakuna aliyeongeza shilingi ya wizi. Kila mmoja alikuwa anafuata kanuni, na kila mmoja alikuwa sahihi kwa tarakimu aliyokuwa nayo asubuhi ile.

Nilitaka kumpigia simu mama wa Kasulu palepale. Karani akasema nisubiri, tujaribu kwenye kompyuta yake kwanza, maana yangu labda ina matatizo. Akachomeka flashi, akafungua kitabu changu.

Hakukuwa na onyo lolote. Jumla: 50,000,000. Usimamizi: 5,000,000. Safi kama sarafu mpya.

Ni kitabu kilekile. Kwangu kinalia na kutoa sifuri, kwake kinatulia na kutoa milioni 50. Tulikaa nusu saa nzima tukitafuta, chai ikapoa, hadi tukaikuta kwenye mipangilio ya fomula: alama ya vema kwenye kijisanduku kinachoiruhusu Excel kurudiarudia hesabu inayojizunguka. Ikiwashwa hivyo, programu inafanya kazi ya flashi na basi kwa kufumba na kufumbua: inazunguka hadi mara 100, au inaacha mapema pale tofauti kati ya mzunguko na mzunguko inaposhuka chini ya 0.001. Safari za miezi mitatu, ndani ya sekunde. Lakini mimi sikuiwasha, na kitabu ni changu. Ilitoka wapi?

Ikawa ni jambo la ajabu zaidi. Excel haikiulizi kila kitabu kinataka nini. Kitabu cha kwanza kufunguliwa ndicho kinachoweka utaratibu, na vinavyofuata vinaufuata, kama kaswida: anayeanzisha ndiye anayechagua sauti, wengine wote wanapanda au kushuka naye. Asubuhi ile karani alikuwa amefungua kwanza daftari lake la ada za wanachama, na daftari hilo lilihifadhiwa siku nyingi likiwa na ile alama. Aliyeiweka hakumbukwi. Pengine fundi aliyechoshwa na onyo.

Nikamwambia nionyeshe hilo daftari. Akasita. Akalifungua polepole, kama mtu anayefunua kidonda. Wanachama 162, kila mmoja shilingi 20,000. Mstari wa jumla, chini kabisa, ulikuwa mtupu.

"Jumla iko wapi?"

Akabonyeza kisanduku, akabadilisha rangi ya maandishi. Alikuwa ameipaka nyeupe ili isionekane. Ikatokea: 972,000,000.

Akaandika kitu chochote pembeni, akagonga Enta. Ikawa 1,296,000,000. Akagonga tena kwenye kisanduku kingine, ikaongezeka milioni 324 nyingine. Fedha zinaota kama uyoga baada ya mvua, na chama hakina hata pikipiki ya pili. Tangu mwaka jana binti huyu alikuwa anajumlisha ada kwa simu yake, anaandika jibu kwenye karatasi, na hakumwambia mtu kwa kuogopa kuambiwa hajui kazi.

Kosa lilikuwa dogo hadi linaudhi. Wanachama wako mstari wa 2 hadi wa 163, jumla iko mstari wa 164, na fomula inajumlisha kuanzia wa 2 hadi wa 164. Jumla ilikuwa inajijumlisha na yenyewe. Kwenye kompyuta yangu onyo lingelia siku ya kwanza. Hapa, kwa ile alama, ilikuwa inajiongeza mara 100 kwa kila Enta: 3,240,000 mara 100 ni hizo milioni 324. Akabadilisha 164 kuwa 163. Ikasoma 3,240,000. Akairudishia rangi nyeusi, akaegemea kiti, akanyamaza muda.

Niliposoma baadaye nilikuta tatizo hili ni kongwe. VisiCalc, lahajedwali ya kwanza kwa kompyuta ndogo, ya Dan Bricklin na Bob Frankston, ilitoka mwaka 1979, na watumiaji wake walilazimika wakati mwingine kuamuru hesabu irudiwe mara kadhaa hadi tarakimu zitulie. Lotus 1-2-3 ya mwaka 1983 ikaweka alama chini ya kioo ya kuonya kwamba kuna mzunguko. Excel ya kwanza ilikuja mwaka 1985. Kote huko watu wanahangaika na paa anayemtaja upepo.

Mchana akaja mwenyekiti wa tawi, mzee wa miaka sabini na ushei, koti zito, mikono ya jembe. Tukapigiana makofi, mimi nikiwa nimeshajua. Nikamweleza yote kwa fahari ya mtu aliyegundua jambo jana: mishale, mizunguko 100, alama ya vema. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akachota maharage kwenye gunia la sampuli lililokuwa pembeni ya mlango, akahesabu punje kumi mezani, akaisukuma moja kando.

"Mwanangu, mfadhili anasema katika kumi, moja ya ofisi."

"Ndiyo, mzee."

"Basi tisa za shamba. Hizi tisa ni milioni 45. Hii moja ni milioni ngapi?"

Nilizitazama punje zile. Tano. Milioni tano, jumla milioni hamsini, bila kompyuta, bila basi, bila mzunguko wowote. Karani akacheka hadi akaziba mdomo.

Akaandika upya: jumla ni milioni 45 kugawanya kwa 0.9. Fomula ile haiuulizi usimamizi kitu. Inaanzia kwenye tarakimu ya mkono na kwenda mbele tu. Usimamizi ukabaki asilimia 10 ya jumla. Kisha akaondoa ile alama kwenye mipangilio, akahifadhi vitabu vyote viwili. Nilimwuliza kama hataki kuiacha, maana ilitupa jibu sahihi. Akasema ilimpa pia milioni 972. Sikuwa na la kujibu. Najua sasa kuna hesabu, kama za riba inayotegemea salio linalotegemea riba, ambazo watu huzifanya kwa kurudiarudia makusudi. Hao waiwashe wakijua wanachofanya. Kwa bajeti ya maharage na mizinga, naona onyo linaloudhi ni bora kuliko ukimya.

Tulimpigia mama wa Kasulu tukiwa watatu. Alinyamaza, kisha akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo hawakuongeza?" Karani akaichukua simu, wakazungumza Kiha muda mrefu. Sikuelewa neno, ila nilisikia kicheko upande wa pili.

Bajeti ilisainiwa siku ya nne, shilingi 50,000,000 kamili. Asubuhi ya tano nilipanda basi kurudi, na chupa mbili za asali ya Kibondo. Utingo alisimama mlangoni, akaniuliza kama leo hakuna bahasha ya Kasulu. Nikamwambia hakuna.